Betri za kuchaji hazikai na chaji? Kagua chaja kabla ya kununua nyingine

Malalamiko ya betri za kuchaji hayatofautiani sana: zilinunuliwa nne, zikaenda vizuri miezi miwili mitatu, sasa hata rimoti ya king'amuzi haziendeshi. Mwenye betri anakuwa ameshahukumu kwamba ameuziwa feki, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mwambie alete na chaja anayotumia, hapo ndipo kesi inapogeuka. Betri nzuri ya nikeli inastahimili kuchajiwa mamia ya mara. Chaja isiyojua kujikata inaimaliza mapema sana, tena polepole, kiasi kwamba hakuna anayeishuku.

Tunazungumzia betri za nyumbani: AA, zile za saa ya ukutani na tochi ndogo, na AAA, zile nyembamba za rimoti. Za simu na za gari zina mambo yake. Tafuta dalili inayofanana na yako, ila sehemu ya kwanza isome hata kama una haraka, kwa sababu ukikosea hapo mengine yote hayakusaidii.

## Kwanza: je, hiyo betri ni ya kuchaji kweli?

Zungusha betri usome maandishi madogo ubavuni. Achana na jina kubwa na picha ya radi. Tafuta herufi na namba. R6 au R6P ni betri ya kaboni na zinki, ile ya kawaida inayouzwa kila duka la mtaani. LR6 ni alkalini. FR6 ni lithiamu ya kutumia na kutupa. Hizo tatu hazichajiwi. HR6 ni nikeli-metali haidraidi, kwa kifupi NiMH, na ndiyo unayoitaka. KR6 ni nikeli-kadimi, kizazi cha zamani. Inachajiwa, ila siku hizi hakuna sababu ya kuinunua. Kwa betri nyembamba, badala ya 6 utaona 03: R03, LR03, HR03. Betri nyingine za kuchaji hazina herufi hizo, lakini zitakuwa zimeandikwa "Ni-MH", "1.2V" na idadi ya mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha chaji betri inachobeba). Ubavu ulioandikwa 1.5V bila neno "rechargeable" ni wa kutupa, hata muuzaji aape.

Ukiweka R6 au LR6 kwenye chaja ya kijinga, yaani isiyojua kujikata, gesi inajaa ndani, betri inavimba, kisha inatema. Uchafu mweupe unaobaki kwenye springi za chaja unakuwa chanzo cha matatizo ya betri nyingine zote zitakazofuata. Kama iliyotema ni alkalini, futa kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu, kisha pamba yenye maji kidogo, kisha kausha. Ya kaboni na zinki hutema kitu chenye asidi, kwa hiyo huko ndimu haisaidii. Tumia kitambaa chenye maji na magadi kidogo. Vyote viwili vifanye chaja ikiwa imechomolewa ukutani, na usiguse uchafu huo kwa mkono mtupu.

## Betri zinatoka kwenye chaja zikiwa za moto

Uvuguvugu mwishoni ni kawaida. Betri ya nikeli ikijaa, umeme unaoendelea kuingia hauna tena pa kukaa, unageuka joto. Wakati huohuo kuna ishara nyingine ndogo sana: volti ya betri, ambayo ilikuwa inapanda muda wote, inafika kileleni kisha inashuka kidogo, kama milivolti 5 hadi 10 hivi. Chaja yenye akili inavizia mshuko huo. Ikiuona, inakata. Nyingine zina na kipimo cha joto, kwamba betri ikianza kupanda joto kwa kasi, basi imejaa. Chaja isiyo na kimojawapo inaendelea kusukuma tu, na joto linakausha kilichomo ndani.

Fungua chaja ya bei ya chini kabisa, ile yenye pini mgongoni inayochomekwa moja kwa moja ukutani. (Ichomoe kwanza, uiache dakika kadhaa.) Utakuta transfoma ndogo au kapasita moja ya manjano, daiodi mbili tatu, rezista na taa. Basi. Hakuna chipu hata moja. Ile taa nyekundu imeunganishwa kuonyesha kwamba umeme unapita, na itawaka vilevile hata kama betri zilijaa saa sita zilizopita. Zile zenye kapasita bila transfoma zina ubaya wa pili: vyuma vinavyoshika betri vinaweza kuwa na umeme wa ukutani. Ukiona mtu anachomoa betri moja moja huku chaja iko kwenye soketi, mzuie.

Hatua moja juu yake kuna chaja ya saa, yaani ina kihesabio kinachokata baada ya muda uliopangwa. Wenye nchi ambazo umeme haukatiki wanaweza kuvumiliana nayo. Kwetu ina kasoro ambayo maelezo ya kwenye boksi hayakuambii: umeme ukikatika na kurudi, kihesabio kinaanza upya kutoka sifuri. Chukua mfano wa chaja ya miliampea 200 iliyopangwa kukata baada ya saa 14. Umeweka betri saa mbili usiku, umeme umekatika saa kumi alfajiri, umerudi saa kumi na moja. Betri zilikuwa zimebakiza saa sita tu, sasa zimeongezewa kumi na nne. Hilo likitokea kila wiki, huhitaji mchawi kukueleza kwa nini hazidumu. Chaja inayopima volti na joto haijali umeme umekatika mara ngapi, kwa sababu kila inapowaka inaiangalia betri yenyewe. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa Dar, Mombasa au Bujumbura, hii peke yake ni sababu tosha ya kuiacha chaja ya saa dukani.

Ukiwa umebaki na ya kijinga kwa sasa, piga hesabu, kisha uichomoe mwenyewe. Chukua mAh ya betri, gawanya kwa mA ya chaja, kisha zidisha kwa 1.4. Betri ya 2000 kwenye chaja ya 200 ni saa 14. Kama betri ilikuwa na nusu, nusu ya muda. Weka kengele ya simu.

Jambo jingine ni mahali. Betri hizi hazipendi kuchajiwa joto likizidi nyuzi 45, na watu wengi huweka chaja juu ya friji, juu ya king'amuzi au dirishani jua linapopiga. Chumba cha Januari mjini Dar kinakaribia nyuzi 32 kabla hujawasha chochote. Weka chaja mezani penye hewa, usiifunike kitambaa, na chaji usiku. Ukiigusa betri ukashindwa kuishika kwa sekunde tano, chaja hiyo si ya kutumia.

## Taa ya kijani inawaka baada ya dakika chache tu

Hapa kinyume chake: chaja imekata mapema, betri ziko tupu.

Anza na kisichogharimu kitu. Ncha za betri na springi za chaja zikiwa na utando wa uchafu, volti inayosomwa na chaja inakuwa juu kuliko ya kweli, nayo inadhani betri imejaa. Mwambao, hewa ya chumvi inafanya kazi hii kwa bidii. Betri iliyokaa Unguja au Tanga miezi michache bila kutumika inaweza kuwa na ukungu usioonekana vizuri. Sugua ncha zote mbili kwa kifutio cha penseli mpaka zing'ae, futa vumbi la kifutio, kisha jaribu tena. Usitumie msasa, unaondoa chuma cha juu kinachozuia kutu, na wiki inayofuata hali ni mbaya zaidi.

Haikusaidia? Hamisha betri hiyo kwenye nafasi nyingine ya chaja. Tatizo likiifuata betri, betri ndiyo mbovu. Likibaki kwenye nafasi ileile hata ukiweka betri nyingine, chaja ndiyo yenye ugonjwa. Jaribio hili ni dogo lakini linaokoa pesa kuliko lolote lililomo humu.

Betri ikiwa ndiyo mbovu, sababu ya kawaida ni uzee: ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri inavyozuia umeme kupita, umepanda. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, weka kwenye volti za DC na upime betri ikiwa bado inachajiwa. Betri yenye afya kwenye chaja ya kasi ya wastani itakuwa kati ya 1.4 na 1.5. Ikisoma 1.6 na zaidi dakika chache tu baada ya kuiwekea, imechoka. Baadhi ya chaja zenye skrini zinaikataa kabisa na kuandika kosa, na watu wanakasirikia chaja. Inakuambia ukweli. Betri kama hiyo bado inaweza kuendesha rimoti miezi kadhaa, ila kwenye tochi, mdoli wa mota au flashi ya kamera haifai tena.

(Usije ukaweka mita kwenye ampea na kugusa ncha mbili za betri "kuona kama ina nguvu". Ni shoti hiyo.)

Na kama betri zimetoka sasa hivi kwenye kifaa zikiwa za moto, ziache zipoe kwanza. Chaja inayopima joto inaweza kudanganyika.

## Chaja inakataa: taa inamweka haraka, au haiwaki kabisa

Mara nyingi betri imeshuka chini ya kiwango ambacho chaja inakitambua. Chaja za kisasa zikiona betri iko chini sana, tuseme volti 0.8 kushuka, zinafikiri kuna shoti au betri haipo. Hutokea kwa tochi iliyosahaulika ikiwa imewashwa droo­ni, au redio iliyoachwa ikinong'ona mpaka ikanyamaza.

Hapa ndipo chaja ya kijinga inapata heshima yake ya mwisho. Weka betri humo dakika kumi, si zaidi, ukiwa umesimama hapo. Ikipanda kupita volti 1, ihamishie kwenye chaja nzuri iendelee. Kisha iache mezani usiku mzima bila kutumika, upime asubuhi. Ikiwa bado iko juu ya 1.3, imepona. Ikiwa imerudi karibu na sifuri, ina shoti ndani na hakuna dawa.

Kinachoua betri kwa namna hii ni mazoea ya kuzikamua mpaka tone la mwisho. Ushauri wa "imalize kabisa ndiyo uchaji" ulikuwa wa nikeli-kadimi, ukarithiwa na kila mtu. Kwa NiMH ni hasara. Kifaa chenye betri nne zilizofuatana, moja ikiisha kabla ya wenzake, wale watatu wanaendelea kusukuma umeme kupitia kwake na kuigeuza: chanya inakuwa hasi. Redio ikianza kukoroma au tochi ikififia, toa, chaji.

## Betri mbili zimechajiwa pamoja, moja imejaa nyingine haikujaa

Hesabu taa za chaja. Nafasi nne zenye taa mbili tu, au taa moja, maana yake inachaji kwa jozi. Betri mbili zinapitishiwa umeme uleule, na chaja inasoma jumla yao. Moja ikiwa na nusu na nyingine ikiwa tupu, ya kwanza itajaa na kuanza kuchemka wakati mwenzake bado anakula. Au chaja itakata kwa ajili ya iliyojaa na kumwacha mwenzake na njaa. Ndiyo maana chaja hizo haziwaki ukiweka betri moja au tatu, na ndiyo maana mtu mwenye rimoti inayotumia betri tatu anahangaika.

Dawa yake ni chaja inayoshughulikia kila nafasi peke yake. Ishara ya nje ni taa moja kwa kila nafasi, na kwamba inakubali betri moja ikiwa pweke. Jaribu hapohapo dukani. Ukilazimika kuendelea na ya jozi, ziandike betri zako kwa kalamu ya wino mzito: A na A, B na B. Zinunuliwe pamoja, zitumike kifaa kimoja, zichajiwe pamoja, zisichanganywe na za mwaka juzi.

## Zilijaa, lakini baada ya wiki tatu kwenye droo hazina kitu

Hii si kosa la chaja. NiMH za aina ya kawaida zinapoteza chaji zenyewe zikiwa zimekaa tu, zinaweza kufika hata theluthi kwa mwezi, na joto linaharakisha. Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilileta Eneloop, ambazo sasa ziko chini ya Panasonic, zilizopunguza sana upotevu huo. Baadaye wengine wengi wakafuata. Betri za namna hiyo huandikwa "ready to use", "pre-charged" au "low self-discharge", na baada ya mwaka mzima bado hubaki na zaidi ya theluthi mbili ya chaji.

Kwa rimoti, tochi ya dharura na kila kitu kinachokaa muda mrefu, chukua hizo hata kama mAh zake ni ndogo. AA ya 2000 inayotunza ni bora kuliko ya 2700 inayovuja. Tahadhari ni kwamba majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi.

## Betri imejaa, lakini kifaa kinasema imekwisha

Betri ya kutupa ni volti 1.5, ya NiMH ni 1.2. Nne za kutupa zinatoa 6, nne za NiMH zinatoa 4.8. Kifaa kilichopangwa kulalamika kikiona 5 kitalalamika hata kama betri bado zina chaji ya kutosha. Tofauti ni kwamba NiMH inaishikilia 1.2 yake karibu mpaka mwisho, wakati ya kutupa inaanza juu na kuporomoka taratibu, kwa hiyo vifaa vingi vya mota na taa vinafanya kazi vizuri zaidi kwa NiMH licha ya alama ya betri kuonyesha nusu.

Mashine ya kupimia presha nyumbani ni ya kuangalia kwa makini. Pampu yake inavuta umeme mwingi, na nyingine maelezo yake yanasema alkalini tu. Kifaa cha afya kifuate kitabu chake. Saa ya ukutani nayo usiisumbue: inakula umeme kidogo mno, R6 moja inaipeleka karibu mwaka. Kuchaji betri kwa ajili ya saa ya ukutani ni kujitafutia kazi.

## Inachukua siku nzima kujaa, na bado haifanyi kazi

Soma mgongoni mwa chaja mstari wa OUTPUT. Chaja nyingi ndogo zinatoa miliampea 150 hadi 250 kwa nafasi, na kwa betri ya 2500 hiyo ni usiku na mchana. Si ubovu, ndivyo ilivyo. Kwa AA kasi nzuri ni kati ya 400 na 1000. Kwa AAA, nusu yake. Chini sana ya hapo, ule mshuko wa milivolti unakuwa mdogo kiasi kwamba chaja yenye akili inaweza isiuone. Zile za dakika 15 zinafaa mpiga picha wa harusi mwenye haraka, lakini betri zinalipa gharama ya joto. Angalia pia kama namba iliyoandikwa ni ya nafasi mbili: chaja nyingi hutoa 1000 ukiweka betri mbili, 500 ukiweka nne.

Kama chaja ni ya USB, shuku adapta. Nafasi nne zikichaji kwa pamoja zinahitaji adapta ya 5V yenye ampea 2, lakini watu huichomeka kwenye tundu la runinga au la kompyuta ya zamani linalotoa 0.5. Dalili yake ni taa kuwaka, kuzima, kuwaka tena. Kebo nyembamba ya kuokota inaleta shida ileile. Kwa wenye sola ndogo isiyo na betri yake, kila wingu likipita chaja inaanza upya. Weka pawabenki katikati. Nayo pawabenki ina tabia yake: ukichaji AAA mbili tu, umeme unaovutwa ni mdogo kiasi kwamba inadhani hakuna kilichochomekwa, inajizima.

Halafu kuna namba za uongo kwenye betri yenyewe. AA ya NiMH haipiti sana 2800 mAh, na AAA haipiti sana 1100. Ukiona AA imeandikwa 3800 au 4600, hayo ni maandishi tu, na hesabu yako ya muda wa kuchaji itakuwa ya kuchemsha betri. Ipime kwenye mizani ya jikoni: AA ya kweli ya 2000 ina gramu 26 au 27, ya 2500 inakaribia 30. Ikiwa na gramu 17, ndani hakuna kitu cha maana.

## Chaja yenyewe imekufa

Swali la kwanza: ilitoka wapi? Ndugu akikuletea chaja kutoka Marekani, soma INPUT kabla ya kuichomeka. "100–240V 50/60Hz" ni salama, unahitaji kibadilishio cha pini tu. "120V" peke yake itaungua kwenye umeme wetu wa 230 na ushei, mara nyingi kwa moshi. Kibadilishio cha pini hakibadilishi volti.

Ikiwa ni ya USB, jaribu kebo na adapta nyingine kabla ya kuitupa. Ikiwa ni ya ukutani na ilikufa siku umeme uliporudi kwa kishindo, haifai kutengenezwa. Gharama ya fundi inakaribia ya chaja mpya.

## Betri za lithiamu zenye umbo la AA

Zimeingia sokoni mbili zinazofanana kwa nje na ni tofauti kama mbingu na ardhi. Ya kwanza ni ya lithiamu yenye saketi ndani inayoshusha volti mpaka 1.5, nyingine zina tundu la USB kichwani. Inachajiwa kwa chaja yake au kwa tundu lake tu, kamwe si kwenye chaja ya NiMH. Ya pili imeandikwa 14500 na 3.7V. Umbo ni lilelile la AA, lakini ikijaa ina volti 4.2. Ukiweka mbili kwenye rimoti umeipa volti 8 badala ya 3. Na NiMH ikiwekwa kwenye chaja ya lithiamu pekee, chaja itaisukuma kutafuta volti 4.2 ambazo haitazifikia, mpaka itoe mvuke au ipasuke. Zipo chaja zinazotambua aina zote mbili zenyewe, kama za Xtar au Nitecore. Kwa nyumba yenye tochi za lithiamu na rimoti za NiMH, hizo zina maana.

## Za redio kubwa na za maikrofoni

Betri nene za R20, zile ambazo kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilikuwa kikitengeneza mpaka kilipofungwa mwaka 2014, zina toleo la kuchaji, HR20. Ya kweli ina 8000 mAh na kuendelea, na uzito wake hukaribia au kuzidi gramu 150. Nyingi za bei ya chini ni AA iliyovalishwa koti la plastiki: 2500 mAh, nyepesi mkononi. Chaja nyingi za AA hazina nafasi yake, na zenye nafasi hiyo huichaji kwa mwendo wa kobe.

Zile za mraba za volti 9, za maikrofoni za msikitini na kanisani, zina seli ndogo ndani: zenye seli 7 zinatoa 8.4, zenye 6 zinatoa 7.2. Chukua 8.4, maana ya 7.2 itakata mahubiri katikati. Chaja yake iwe imeandikwa volti hiyohiyo.

## Dukani, na usiku wa kwanza

Kariakoo au River Road, muuzaji atakuonyesha kwanza chaja inayokuja bure na betri nne. Muulize mambo mawili: inakubali betri moja peke yake? Na inajikata vipi, kwa saa au kwa betri kujaa? Akisema "inajikata tu", geuza boksi utafute "-ΔV" (ule mshuko wa volti betri ikijaa) au "individual channel" (kila nafasi peke yake). Kama hakuna, weka betri moja kwenye nafasi ya kwanza uone kama taa inawaka. Kisha soma INPUT, soma mA kwa kila nafasi, angalia springi kama zimekaza. Skrini inayoonyesha mAh zilizoingia ni ya thamani kwa mwenye betri nyingi, kwa sababu inafichua namba za uongo. Mwenye rimoti mbili na tochi moja haihitaji.

Nyumbani, usiku wa kwanza usilale na chaja mpya bila kuijua. Weka betri mbili, andika saa, na uguse kila baada ya muda. Zinapaswa kuwa za kawaida muda mwingi, zikapata joto karibu na muda uliokokotoa, kisha taa ibadilike na joto lianze kushuka. Baada ya taa kubadilika, ziache humohumo nusu saa uguse tena. Zikiwa zimepoa, chaja inakata kweli. Zikiwa zimezidi kuchemka wakati taa ni ya kijani, irudishe dukani asubuhi na risiti yake.